Sifuri Iliyojialika Futari

Shemeji yangu wa Muyinga ana kipaji cha kuomba jambo kubwa kwa sauti ndogo. Mwishoni mwa 2024 alinipigia simu, akawaulizia watoto, akayaulizia maharage, akauliza kama mvua ya Gitega imeshika, na aliponiona nimelainika akasema: "Halafu shemeji, nilikuwa nataka kataa tu. Kataa kadogo, juu ya mlango wa duka. Jua likizama, kawake."

Ningekuwa na masikio ya mtu mzima ningesikia kwamba ombi lenyewe lilikuwa linanishauri: kataa. Lakini dada yangu amezaa naye watoto wanne, na mimi ndiye fundi redio wa ukoo. Nikasema ndiyo.

Duka lake linauza sambusa, maandazi na chai, na mwezi wa Ramadhani watu hupanga foleni hapo kungojea magharibi. Alitaka taa iwaambie kwamba jua limetua, kila mtu afungue kwa wakati mmoja, ugomvi wa saa za mkononi uishe. Nilianza na njia ya mkato, kile kijicho kinachohisi mwanga. Kikapelekwa, kikafungwa. Saa tisa alasiri wingu la mvua likajikusanya juu ya mji, taa ikawaka, na mteja mmoja akauliza kama ni kiama au ni punguzo la bei. Kikarudishwa Gitega ndani ya mfuko wa unga.

Ikabidi twende kwa hesabu. Na hapo ndipo lilipoanza hili ninalotaka kulilalamikia.

Katika droo yangu pale mtaani Nyamugari, Gitega, nilikuwa na chipu sita za aina ya ATtiny2313. Ni za ile familia ya AVR iliyobuniwa na vijana wawili wa Norway, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, walipokuwa wanafunzi. Chipu hiyo ina kilobaiti 2 za kuwekea programu, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni baiti 128, yaani sentensi hii ndefu ninayoiandika sasa hivi, pamoja na mkato wake na nukta yake ya mwisho, haitoshei humo hata ukiisukuma kwa goti. Kuzidisha haijui. Ukitaka saba mara nane uijumlishie saba mara nane, mwenyewe, pole pole, kama mtoto wa darasa la pili aliyenyang'anywa vidole.

Chipu kama hiyo unaiandikia kwa asembla. Unaandika amri fupi fupi, moja moja, na asembla inazigeuza kuwa namba ambazo chipu inazila. Nikafungua kitabu cha maelekezo ya asembla, na ukurasa mmoja ukanitia furaha ambayo sasa naionea haya: asembla hii ina hesabu zake za kuzaliwa nazo! Ina ABS, inayoondoa alama ya hasi. Ina INT, inayokata desimali, na FRAC, inayookota desimali zilizokatwa. Ina EXP2, inayopandisha mbili kwenye kipeo unachotaka, na LOG2, inayokwambia ulipandisha mara ngapi.

Nikafunua ukurasa wa pili kutafuta sinusi, maana jua haliendi bila sinusi. Hakuna. Nikarudi wa kwanza, labda imejificha nyuma ya ABS. Hakuna.

Sasa niulize kwa upole. Ni nani aliyewahi kwenda soko la Gitega akaambiwa, "Mama, log2 ya nyanya hizi ni ngapi?" Familia ya chipu iliyotungwa Norway, nchi ambayo kaskazini yake jua halizami kabisa siku kadhaa za kiangazi na halichomozi kabisa siku kadhaa za baridi! Watu kama hao ndio ningewatarajia waiweke sinusi mezani kila asubuhi pamoja na chai. Wapi. Log2.

Kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba wengine wanayo. Kuna watu mpaka leo wanaiandikia Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1982, kwa starehe tu. Asembla zao, kama Kick Assembler na 64tass, zina sinusi na kosinusi. Wanaandika mzunguko wa mstari mmoja na jedwali zima la sinusi linajaa lenyewe, na wanalitumia kufanya nini? Kufanya herufi zielee kwenye skrini zikipanda na kushuka kama mitumbwi ya Rumonge. Wao wanataka herufi zicheze, wanapewa sinusi. Mimi nataka watu wafuturu, napewa log2.

Nilipomweleza shemeji kwamba nimekwama, alinijibu kwa ile hekima yake ya simu: "Si ulisema kompyuta yako inajua hesabu? Basi na hako kachipu kafundishwe."

Hapo kuna jambo ambalo nimelieleza kwa watu wengi na halijawahi kueleweka mara ya kwanza, hata kwangu mimi. Hesabu za asembla zinafanywa nyumbani. Ukiandika log2 ya 32, ni kompyuta yangu pale Nyamugari inayokokotoa, inapata 5, na kwenye chipu inaandikwa 5 tupu. Chipu haijui tano hiyo ilizaliwaje. Ni kama mwanafunzi aliyefanyiwa kazi ya nyumbani na kaka yake: daftari limejaa majibu sahihi, lakini kaka habebwi kwenye mkoba. Hata ningekuwa na sinusi ya Commodore, isingepanda gari kwenda Muyinga. Kinachopanda gari ni majibu yaliyokwisha pikwa na kufungashwa.

"Basi pika, ufungashe," akasema shemeji, akakata simu.

Kwa kuwa asembla haipiki sinusi, mpishi nikawa mimi, kwa kile kikokotoo nilichomaliza nacho shule. Nilihitaji saa ya magharibi ya Muyinga kwa kila siku ya mwaka, siku 366 tukimhesabu yule wa Februari 29 anayekuja kama mgeni wa harusi. Hesabu ya siku moja ina sinusi hapa, kosinusi pale, na tanjenti mbili za kukuzindua usingizini. Usiku wa kwanza kikokotoo kilikuwa kwenye radiani badala ya nyuzi. Kikanipa jua la Muyinga linalozama saa sita na dakika kumi mchana. Nilikaa nalitazama jibu hilo kwa muda, nikafikiria kumpelekea shemeji hivyo hivyo.

Mwanangu mkubwa alinisaidia kusoma majibu huku nikiandika. Nchi yetu ina Kirundi, ina Kifaransa, na tangu 2014 ina Kiingereza pia kwenye orodha rasmi, na Kiswahili kinajipitia kwa mlango wa sokoni. Kijana akawa anazitumia zote kwa zamu. "Thelathini na moja. Trente et un. Mirongo itatu na rimwe." Nikaandika 31 mara tatu. Tukafuta, tukaanza upya. Umeme nao ukawa unaingia na kutoka kama mkwe asiyeamua. Gitega tuna kituo cha umeme wa jua pale Mubuga, megawati 7.5, kimeanza kazi 2021, na mimi nilikuwa nakokotoa jua kwa mshumaa.

Kinyozi jirani yangu alikuja kuona kulikoni. Nikamwambia kazi hii kihistoria ni ya kwenu. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa, miaka ya 1790, mhandisi Gaspard de Prony alipewa kazi ya kutengeneza majedwali makubwa ya logi na trigonometria, na inasimuliwa kwamba wengi wa wakokotoaji wake walikuwa watengeneza nywele waliokosa kazi, kwa sababu mitindo ya kitajiri ilikuwa imepitwa, na vichwa vyenyewe vya kitajiri vilikuwa vimepungua. Aliwagawia kazi vizuri mpaka wao wakabaki na kujumlisha na kutoa tu. Kinyozi akafikiri, akauliza wanalipa kiasi gani kwa kichwa. Nikamwambia sinusi lenyewe ni neno la Kilatini lililotokana na kosa: Waarabu waliandika neno la Kihindi, wafasiri wakalisoma kama "jayb", mfuko, wakafasiri mfuko. Akautazama wangu, akaaga.

Nikiri kwamba katika usiku ule wa mishumaa nililipenda jua kidogo. Saa ya Burundi imefungwa kwenye mstari wa nyuzi 30 mashariki, na mstari huo unapita kati yetu: Gitega iko magharibi yake kidogo, Muyinga mashariki yake kidogo. Kwa hiyo jua linampitia shemeji dakika moja na nusu hivi kabla halijanifikia mimi, jambo ambalo hajui na sitamwambia. Halafu nikagundua kwamba jua lenyewe halishiki saa. Mwanzoni mwa Novemba linakata katikati ya anga la Muyinga saa sita kasoro dakika 18; katikati ya Februari linafika saa sita na dakika 13. Nusu saa ya utoro, kila mwaka, na hakuna mkuu wa kazi anayeliandikia barua. Magharibi nayo inayumba vivyo hivyo, kutoka saa kumi na mbili kasoro dakika 12 mpaka saa kumi na mbili na dakika 19. Na ukivuka mpaka pale Kobero, upande wa Kabanga saa inaruka nzima. Ndiyo maana watu wa Muyinga hawagombani kuhusu siku. Wanagombana kuhusu saa.

Mwisho nilipata jedwali. Kianzio nikaweka saa kumi na mbili kasorobo, na kila siku ikapewa baiti moja: ongeza dakika ngapi. Nikaliandika kwa unadhifu, kila mwezi mstari wake, mistari kumi na miwili. Nikaipa asembla. Ikajibu: makosa sifuri, maonyo manane.

Msomaji, mimi ni mtu wa makosa. Maonyo nimezoea kuyapokea kutoka kwa mke wangu, daktari na askari wa barabarani, na bado niko hai. Nikachoma chipu, nikaifunga na kichipu cha saa chenye betri yake, nikapanda Probox kupitia Karusi nikiwa na sanduku mapajani. Mafuta ya gari siku hizo yalikuwa adimu, na dereva alinitoza kama mtu aliyeyachimba mwenyewe.

Januari nzima taa ilifanya kazi. Shemeji aliwaambia watu kwamba ameitengeneza na mimi nikimshikia tochi. Februari mosi iliwaka nusu saa na ushee kabla ya wakati, wakasema umeme. Siku iliyofuata ilikuwa sawa, wakasahau.

Machi 2, 2025, ilikuwa Jumapili, na Ramadhani ilikuwa imeingia. Foleni mpaka barabarani. Jua liko juu ya kilima, linaonekana kwa macho, jekundu, halina haraka. Saa kumi na mbili kasorobo, taa ikawaka.

Nilikuwa Gitega, kwa hiyo haya ni ya kuhadithiwa. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha weka tende kwenye ulimi. Maalim wa mtaa, aliyeketi kwenye benchi, aliinua mkongojo na kusema neno moja: "Shusha." Mtoto akashusha. Wote wakalitazama jua, wakaitazama taa, wakamtazama shemeji. Lakini yule dereva wa Probox, aliyekuwa amepewa kiti cha mbele kwa heshima, alikuwa amelipa jua mgongo, akaamini taa, akameza sambusa nzima. Maalim akamwambia atailipa siku hiyo baada ya Ramadhani. Dereva akasema sawa, lakini deni ana fundi wa Gitega. Nikapata ujumbe usiku huo huo.

Kesho yake taa ikawaka saa kumi na mbili na robo, kama ilivyopaswa. Shemeji akaizima kwa usalama, akairudisha baada ya Idi. Aprili 3 ikakosea tena. Halafu kimya mwezi mzima wa tano, mpaka Juni 4.

Mimi nilichunguza kila kitu kwa simu. Betri. Waya. Panya. Nikashuku mchwa. Aliyelitatua ni binti wa shemeji, wa miaka kumi na tatu, ambaye alikuwa anaandika siku hizo nyuma ya daftari lake la hesabu, na alinipigia kwa simu ya mama yake.

"Mjomba, taa inakosea tarehe mosi ya Februari, tarehe 2 ya Machi, tarehe 3 ya Aprili, halafu tarehe 4 ya Juni."

"Eeh."

"Mosi, mbili, tatu, nne, mjomba. Panya hawahesabu."

Nikakaa chini. Kumbukumbu ya programu ya chipu hizi imepangwa baiti mbili mbili, kama mayai kwenye trei. Ukiandika mstari wenye idadi isiyogawanyika kwa mbili, asembla haikatai. Inaongeza sifuri moja mwishoni ili kila baiti iwe na mwenzake, na inakupa onyo kwamba imefanya hivyo. Mwezi wa siku 31 ukapata sifuri. Februari ya siku 29 ikapata sifuri. Maonyo manane, sifuri nane, kila moja imeketi kwenye safu kama mtu aliyejialika futari akajifanya jirani. Sifuri ya Januari ikakalia Februari mosi. Jedwali likasogea hatua moja, kwa hiyo ya Februari ikakalia Machi 2, ya Machi ikakalia Aprili 3. Aprili ina siku 30, haikuzaa sifuri. Ya Mei ikakalia Juni 4. Na sifuri maana yake nini? Usiongeze dakika yoyote. Kianzio kitupu. Saa kumi na mbili kasorobo.

Nikamwambia binti kwamba sifuri ijayo ni ya Agosti 5, kisha Septemba 6, kisha Novemba 7. Akasema, "Najua."

Kwa hiyo lawama zangu zimebaki hivi: asembla ilisema, mimi sikusikia; hilo nimelikubali mbele ya mke wangu, ambaye alifurahi kupita kiasi. Lakini ingekuwa na sinusi, ningeandika mzunguko mmoja, sinusi zikapikwa mfululizo, na nisingekuwa na miezi ya kupanga mstari mmoja mmoja. Kijana wangu anasema programu nyingine ingenitolea namba zote kwa mistari mitano nikazinakili. Anasema hivyo sasa. Usiku ule wa mishumaa alikuwa anasema "mirongo itatu na rimwe".

Katikati ya Juni nikaenda Muyinga na kompyuta. Mwaka huo serikali ilikuwa imeunganisha mikoa 18 ikabaki 5, na Muyinga ikajikuta ndani ya Buhumuza. Mimi nami nikaunganisha miezi. Januari nikamwoza Februari, siku 60. Machi mpaka Mei, 92. Juni mpaka Agosti, 92. Septemba mpaka Desemba, 122. Mistari minne, yote inagawanyika kwa mbili, jumla 366. Baada ya kumaliza ndipo nikaona nimeandika kiangazi kifupi, masika, kiangazi kirefu na vuli, kama ambavyo mkulima yeyote wa vilima hivi angenipangia bila umeme. Maonyo sifuri.

Maalim alikuja kukagua. Akaniomba nimwonyeshe namba, nikamwonyesha. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ratiba ya saa za swala ya mwaka mzima, iliyochakaa mikunjo, akaiweka kando ya kompyuta.

"Hizi si zile zile?"

Nikaangalia. Ilikuwa imepigiwa hesabu Bujumbura. Nikamweleza kwamba Bujumbura iko magharibi yetu karibu nyuzi moja, kwa hiyo jua linachelewa kule dakika nne, na karatasi yake inawachelewesha watu wa Muyinga dakika nne kila siku.

"Miaka mingi tunaitumia," akasema. "Dakika nne za subira hazijamuua mtu. Nusu saa za haraka zako zimemtia mtu deni." Akaikunja, akairudisha mfukoni. Kisha akaniuliza kama taa inaweza kufundishwa alfajiri pia, kwa ajili ya daku. Shemeji akaitikia haraka kuliko mimi. Hesabu ya alfajiri ina sinusi zaidi ya ile ya magharibi.

Jioni ile dada yangu alikaanga trei ya sambusa 32 kwa heshima yangu, na ikapitishwa kwa watu kabla ya kufika kwangu, nilipokuwa bado nafunga waya juu ya ngazi. Mteja mwenye safari ya Kobero alinunua 16. Nane zikapelekwa nyumbani kwa Maalim. Watoto wanne wakachukua moja moja. Shemeji akala mbili, amesimama. Mbili zilizobaki zilinikuta mguuni pa ngazi, na kabla sijanyoosha mkono dereva wa Probox akachukua moja, akasema deni la Ramadhani sasa limekwisha.

Nikabaki na moja. Nikawahesabu walionitangulia: mteja, Maalim, watoto, shemeji, dereva. Watano.

Log2 ya 32.